Richard More na Mama Yake

Jioni moja mgeni alikaa barazani kwetu, akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nyingi, akaitandaza juu ya mkeka. Karatasi ilikuwa ndefu kuliko mkeka. Mgeni huyu alikuwa Mmarekani, mwalimu mstaafu, na ile karatasi ilikuwa kazi yake ya miaka kumi na moja: nasaba ya ukoo wake. Aliweka kidole chini kabisa, akasema, "Huyu ni mimi." Kisha kidole kikaanza kupanda, baba kwa baba, na mara mojamoja mama, kikavuka karne tatu na kufika kwa mtu aitwaye Richard More, aliyevuka bahari ya Atlantiki kwa meli ya Mayflower mwaka 1620. Hapo kidole kilipumzika. Halafu kikaruka tena juu, haraka haraka, mpaka kwenye wafalme.

Nilimwuliza yule mwanamke aliyekuwa katikati ya Richard na wafalme ni nani. "Ni mamake," alinijibu. "Mama huyo alikuwa na matatizo."

Alipoondoka aliniachia makala na vitabu alivyokuja navyo, maana aliona nimevipenda. Nimevisoma polepole, usiku, taa ikiwaka. Haya ninayoandika ni maoni ya msomaji tu wala si ya bingwa wa nasaba. Lakini msomaji naye ana haki ya kusema pale anapoona maandishi yamempita mtu bila ya kumsalimu.

Kwanza niwatendee haki wenye kazi yao. Marekani, kutafuta nasaba ya walowezi wa mwanzo si mchezo wa wazee wasio na la kufanya. Chama cha historia na nasaba cha New England kilianzishwa Boston mwaka 1845, na jarida lake limekuwa likitoka tangu 1847. Mwaka 1897 ukaundwa umoja wa watu waliotokana na abiria wa Mayflower, na anayetaka kuingia humo sharti athibitishe kila kizazi kwa hati: kuzaliwa, ndoa, kifo. Kusema tu kwamba babu alisimulia hakutoshi.

Ukali huo una sababu. Palipo na kiu ya heshima hapakosi muuza maji machafu. Alikuwako mtu mmoja, Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden aliyekwenda kuishi New York na kufa mwaka 1942, ambaye aliwauzia matajiri nasaba za kughushi. Mteja aliyetaka kabaila kwenye ukoo wake alipata kabaila, na wasia wa kubuni wa kuthibitisha. Mtu kama Donald Lines Jacobus, aliyeanzisha jarida lake la nasaba mwaka 1922, alitumia maisha yake kung'oa magugu ya namna hiyo. Kisha mwaka 1988 Robert Charles Anderson akaanza kuwachunguza upya, mmoja mmoja, walowezi waliofika New England kati ya 1620 na 1640, watu wapatao 20,000. Kazi ya namna hii naivulia kofia.

Hata jiwe la kaburi limewahi kusema uongo. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba John Howland, abiria mwingine wa Mayflower, alimwoa mtoto wa Gavana Carver, na jambo hilo likachongwa kwenye jiwe lake la ukumbusho huko Plymouth. Kumbe mswada wa Gavana William Bradford, uliokuwa umepotea kutoka Boston, ulikuwa umelala katika maktaba ya Askofu wa London. Ulitambuliwa mwaka 1855, ukachapwa 1856, na ndani yake Bradford ameandika wazi kwamba mke wa Howland alikuwa binti wa John Tilley, abiria wa kawaida. Jiwe likaaibika mbele ya karatasi.

Basi hawa ni watu wanaojua kudai ushahidi. Lawama yangu iko kwingine. Mtu anaweza kuwa na hati ya kweli mkononi, akaisoma neno kwa neno, na bado akaisoma kwa macho ya yule aliyeiandika.

Sasa habari yenyewe. Katika orodha ya Bradford ya abiria wa Mayflower wamo watoto wa jina la More, waliogawiwa kwa wakubwa wa msafara. Ellen alikuwa kwa Edward Winslow, Jasper kwa John Carver, na Richard kwa mzee William Brewster, pamoja na mwingine ambaye Bradford, akiandika miaka mingi baadaye, alimwita ndugu wa kiume. Huyo hakuwa wa kiume. Alikuwa Mary, mtoto wa miaka minne. Hata mwenye kuandika historia, aliyesafiri naye meli moja, alikuwa amekwisha kumsahau.

Kwa zaidi ya miaka 300 haikujulikana kwa nini watoto wadogo kiasi hicho walipakiwa melini bila ya mzazi. Ikadhaniwa kuwa ni mayatima tu, maskini waliookotwa mitaani London. Mpaka mwaka 1959, Jasper More, aliyekuja kuwa mbunge wa Uingereza na mtu wa ukoo uleule, alipopata hati ya mwaka 1622 katika mali za kwao. Akaipeleka kwa Anthony Wagner, bingwa wa ofisi ya kifalme ya nembo na nasaba, naye akaitangaza katika jarida la Boston mwaka 1960.

Hati hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame, maana kila aliyeandika baadaye amekunywa kwenye kisima hicho.

Wakati wa ndoa yake Samuel More alikuwa kijana ambaye hajatimiza miaka 18. Aliozwa mwaka 1611 kwa jamaa yake Katherine More wa Larden, katika jimbo la Shropshire. Katherine alikuwa amemzidi umri. Ndoa ilikuwa ya mashamba: kaka yake Katherine alikuwa ameuawa, baba yao hakubakiwa na mrithi wa kiume, na kwa kuwaoanisha wawili hawa mali za matawi mawili ya ukoo zilibaki ndani ya jina moja. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa sana ndoa kama hiyo. Wazee walikaa, wakapatana, wakalipana, na bibi harusi akaarifiwa.

Wakazaliwa watoto wanne. Ellen alibatizwa Mei 1612, Jasper Agosti 1613, Richard tarehe 13 Novemba 1614, na Mary Aprili 1616. Daftari la kanisa la Shipton linawataja kuwa watoto wa Samuel More na mkewe Katherine. Samuel kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa London, karani wa mkuu mmoja aitwaye Lord Zouche. Mwaka ule aliozaliwa Mary ndipo Samuel aliposema kwamba watoto hawa wanne si wake, ni wa Jacob Blakeway, kijana wa jirani. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa sura zao: ati walifanana na Blakeway. Katherine naye alijibu kwamba yeye na Blakeway walikuwa wamekwisha kuahidiana ndoa kabla hajaozwa, ila hakuwa na mashahidi wa kutosha. Samuel akabadilisha hati za urithi ili watoto wasipate kitu, akawatoa kwa mama yao, akawaweka kwa mpangaji wa shamba la baba yake. Katherine alikwenda huko. Kwa maneno ya Samuel mwenyewe, alikwenda akiapiza na kutukana, akawachania watoto nguo mwilini.

Hapo ndipo kila mwandishi niliyemsoma anapotikisa kichwa. Mwanamke wa matatizo! Mimi nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara naona mama anayemvuta mtoto kwa nguo aliyoikamata, na watu wengine wanaovuta upande wa pili. Nguo hupasuka hivyo. Kama ilikuwa hasira au mapenzi hati haituambii, kwa sababu hati si yake.

Kesi zikaendelea mahakamani. Rufaa ya mwisho ilikwisha Julai 1620, na katika majuma yaliyofuata watoto walipelekwa London, nyumbani kwa mfanyabiashara wa vyuma Thomas Weston, wakala wa safari ile. Mkataba ulitaja paundi 100: walishwe, wavishwe, walazwe, na baada ya miaka saba ya utumishi kila mmoja apewe ekari 50 za ardhi ng'ambo. Septemba meli ikatweka. Ellen alikuwa na miaka minane, Jasper saba, Richard mitano na ushei, Mary minne.

Jasper alifariki Desemba hiyo hiyo, meli ikiwa ingali imetia nanga Cape Cod. Ellen na Mary walifuata katika baridi ya mwanzo, iliyoua karibu nusu ya abiria 102. Akabaki Richard.

Sasa tazama tarehe. Hati ya Samuel ni ya 1622, na iliandikwa kwa sababu moja tu: Katherine alikuwa amepeleka malalamiko kwa Jaji Mkuu wa Uingereza, James Ley, akidai kuelezwa watoto wake wamefanywa nini. Wakati huo watatu walikuwa wamekwisha kuzikwa mwaka mzima. Samuel akajibu kwa urefu. Alisema aliwapeleka mbali kwa faida yao wenyewe, wasije wakaishi Uingereza na doa la aibu, na kwamba amewawekea fungu jema. Maelezo ni ya mtu msomi, karani wa wakubwa, ajuaye kupanga hoja. Anawaita watoto wa Katherine, si wake. Malalamiko ya Katherine tunayajua kwa kupitia jibu la aliyelalamikiwa. Ni kama kumsikia mtu akizungumza ng'ambo ya ukuta: sauti ya huyu wa upande huu iko wazi, na ya yule unaikisia kwa majibu anayopewa.

Wanasheria hujua kwamba jibu la mshtakiwa si hukumu. Lakini waandishi wa nasaba wameichukua hati hii ya utetezi wakaifanya historia. Watoto wanaandikwa kuwa wa Blakeway kana kwamba paliwahi kupimwa damu. Daftari la ubatizo, ambalo katika kesi nyingine yoyote wangelishika kwa mikono miwili, hapa limewekwa pembeni, kwa sababu mume aliyekasirika alisema hivyo. Inawezekana alisema kweli. Mimi mwenyewe naelekea kuamini kwamba alisema kweli, maana Katherine hakukana kumpenda Blakeway. Lakini kuamini si kuthibitisha, na hawa ni watu waliomkana Anjou kwa ajili ya neno hilohilo, kuthibitisha. Mwaka 2002 David Lindsay, ambaye mwenyewe ni wa uzao wa Richard, alitoa kitabu juu ya babu yake huyo, na jaladani akamwita mwana haramu wa Mayflower. Neno hilo lilitoka kwa Samuel. Limevuka bahari na karne nne bila ya kubadilika.

Mwaka 1970 likaja jambo la ajabu zaidi. Wagner huyo huyo aliandika tena katika jarida lilelile, safari hii kuonyesha kwamba Richard More alikuwa na asili ya kifalme. Ikawa furaha kubwa. Katika abiria wote wa meli ile, ambao wengi wao walikuwa mafundi, wakulima na watumishi, sasa amepatikana mmoja ambaye damu yake inapanda hadi kwenye viti vya enzi. Maelfu ya watu wa Marekani wakaziongeza karatasi zao urefu.

Lakini damu hiyo imepitia wapi? Kama Samuel si baba, haiwezi kupita kwake, na Blakeway alikuwa kijana wa shamba jirani tu. Imepita kwa Katherine. Yule aliyenyang'anywa watoto kwa sababu damu yao ilichafua ukoo ndiye pekee aliyewapa hiyo damu safi wanayojivunia wajukuu. Na bado anatajwa kama daraja linavyotajwa: watu wanavuka, hawakai. Samuel tunamfuata mpaka mwisho: alioa tena mwaka 1625, akawa kamanda wa ngome ya Hopton katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1644, akafa 1662. Kaburi la Katherine halionyeshwi na mtu. Baada ya 1622 ananyamaza kabisa. Ningetamani angalau makala moja kati ya zile nilizoachiwa isimame hapo, mwandishi aseme, "Huyu ndiye mzazi wetu wa hakika, na hatujamtafuta vya kutosha." Sikuiona.

Richard mwenyewe hakuwa mtu wa kufichwa wala wa kutukuzwa. Mwaka 1627 jina lake limo katika orodha ya kugawana ng'ombe wa koloni, chini ya nyumba ya Brewster. Mwaka 1636 alimwoa Christian Hunter huko Plymouth, akahamia Salem, akawa nahodha wa meli za biashara. Oktoba 1645 daftari la kanisa la Stepney, London, linaonyesha baharia Richard More wa Salem katika New England akifunga ndoa na mwanamke wa Limehouse, na mkewe wa Salem akiwa hai na mwenye watoto. Mwaka 1688, mzee wa zaidi ya miaka sabini, alitengwa na kanisa la Salem kwa kosa la zinaa na mke wa mtu. Akatubu, na mwaka 1691 akarudishwa. Mambo haya nayo yamewafurahisha waandishi: ati mtoto wa zinaa ameirithi zinaa. Hoja gani hiyo! Kama tabia hurithiwa namna hiyo, na ufalme je? Mbona hawasemi kwamba alitawala?

Mimi nimevutwa na vitu viwili vidogo. Cha kwanza ni majina aliyowapa watoto wake wa Salem. Mmoja wa wale wa mwanzo aliitwa Samuel. Huyu ndiye baba yake wa kwenye daftari, aliyempakia melini na miaka mitano. Binti zake aliwaita Susanna na Christian, na yule wa London Elizabeth. Hapana Katherine. Pengine alikuwa mdogo mno, jina la mama likamtoka. Mtoto wa miaka mitano mama yake humwita mama. Pengine aliambiwa maneno huko njiani. Nimelifikiri jambo hili siku nyingi.

Cha pili ni ushahidi alioutoa kwa kiapo mwaka 1684, akiwa na miaka kama 70, katika shauri lililohusu biashara za zamani za Weston. Wengi wa wenziwe wa Mayflower walikuwa wamekufa. Akasema kwamba mwaka 1620 alikuwa London, katika nyumba ya Thomas Weston mfanyabiashara wa vyuma, na kutoka hapo akapelekwa New Plymouth. Basi. Mahali pengine pote anasemewa na wengine. Hapa anasema mwenyewe, na kumbukumbu yake inaanzia kwenye nyumba ya wakala. Hakutaja Shropshire, wala dada zake, wala kaka yake. Hakuulizwa hayo.

Kaburi lake liko Charter Street, Salem, na husemwa kuwa ndilo kaburi pekee la abiria wa Mayflower ambalo jiwe lake la asili lingali mahali pake. Lakini maneno yanayosema kwamba alikufa 1692 na kwamba alikuwa msafiri wa Mayflower yaliongezwa na mkono wa baadaye sana. Mwaka wenyewe si sahihi: hati zinaonyesha kwamba alifariki kati ya 1694 na 1696. Kumbe watu walipokwisha kujua thamani yake ndipo walipokwenda na patasi.

Nisije nikaonekana nacheka ya wenzangu na yangu nimeyafunika kawa. Mjomba wangu, mkubwa wa ukoo wetu, ana daftari la jalada gumu ambamo ameandika shajara ya kwetu, vizazi saba, kwa kalamu nyeusi na mwandiko wa kupendeza. Bibi mzaa babu yangu aliletwa kwenye nyumba ile akiwa mtoto wa kike wa miaka sita au saba, mwaka wa njaa, akawekwa rehani kwa magunia ya nafaka, na kwao hawakurudi kumkomboa. Alikulia humo, akazalia humo. Sote tumetoka kwake. Katika daftari la mjomba ameandikwa "mama wa fulani", na fulani ni babu yangu. Tangu utoto nimeliona daftari hilo, nikalisifu, na sikuuliza. Huwa tunasema mkataa kwao mtumwa, na tunaposema hivyo tunajiona sisi ndio tusiokataa.

Baada ya kusoma nilimwandikia yule mgeni barua. Sikumkosoa sana, maana alikuwa mtu mwema na alikula kwetu. Nilimwomba jambo moja: katika ile karatasi yake, ubavuni mwa Richard, aongeze Ellen, Jasper na Mary, na tarehe zao za ubatizo, kwa kuwa nilikumbuka sikuwaona. Alinijibu baada ya mwezi. Alisema kwa adabu kwamba amelifikiria, lakini karatasi ya nasaba inashuka kwa wale waliozaa, na hao watatu hawakuacha mtu wa kuwadai. Pia upande ule wa karatasi nafasi ilikuwa imekwisha, kwa sababu ya wafalme. Juu ya Katherine aliniambia kwamba akipata nauli atakwenda Shropshire kuyatazama madaftari ya mazishi, parokia moja moja, kuanzia 1622.

Nami nilikwenda kwa mjomba. Nilimkuta anapunga upepo uani, nikamwamkia, nikaketi, nikamwuliza, "Mjomba, yule bibi aliyeletwa na magunia, jina lake alilokuja nalo lilikuwa nani?" Alinitazama kwa muda. Akaniambia nikamletee miwani.